Shahidi wa Cameron Ameondolewa

Juma lililopita nilinunua diski ya Ferris Bueller's Day Off, filamu ya kijana Ferris anayetoroka shule kwa siku moja pamoja na rafiki yake Cameron, toleo la mwaka 2006, ambalo kava lake limejaa ahadi za nyongeza, nikakesha nikitafuta nyongeza moja tu: sauti ya mwongozaji John Hughes akiifafanua filamu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haimo. Ilikuwamo katika diski ya mwaka 1999, ambayo niliwahi kuazimwa na jirani, lakini waliotayarisha toleo jipya waliona busara kuiondoa na kutupatia mahojiano ya waigizaji wakikumbushana raha zao. Hughes alifariki Agosti 2009, kwa hiyo hatarudi studio kutusimulia upya.

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii kwenye kanda ya VHS ambayo mjomba aliituma kutoka Marekani bila kufikiri kwamba kanda za huko zilikuwa za mfumo wa rangi wa NTSC, ilhali runinga yetu ilikuwa ya PAL, mfumo mwingine usiopatana nao. Deki ilijitahidi kadiri ya uwezo wake, ikatoa sauti safi na picha isiyo na rangi hata chembe, nami nikaishi miaka mingi nikiamini kwamba Ferrari ya baba yake Cameron ilikuwa ya kijivu. Isitoshe, filamu ilipigwa kwa picha pana ya sinema, na ili kuijaza runinga za wakati ule pande zake zilikatwa, hivyo watu wawili wakisimama mbalimbali, mmoja wao hutupwa nje. Katika kumbukumbu yangu, Ferris alikuwamo daima na Cameron alikuwa bega, au sauti tu.

Sasa picha ni nzima, na kila ninapoitazama nashindwa kuelewa tulimshangilia Ferris kwa lipi. Hapungukiwi kitu: wazazi wanamwamini, mji mzima unamwombea apone, na siku tisa za utoro hazijamgharimu hata kiboko kimoja. Cameron ndiye anayetolewa kitandani akiwa mgonjwa wa woga, ndiye anayelazimishwa kulitoa gari ambalo baba yake hulipangusa na kulitunza kuliko anavyomtunza mwanawe, na ndiye atakayelipa. Wahudumu wa maegesho wanaporukaruka nalo barabarani, Ferris anakula chakula cha mchana. Jioni wanaliinua kwa jeki na kuliendesha kinyumenyume wakitumaini kwamba maili zilizohesabiwa na mita yake zitarudi, hazirudi, na Cameron analipiga mateke hadi linachomoka, linavunja kioo na kutumbukia bondeni. Kila nilipoiona sehemu hiyo utotoni nilicheka, Mungu anisamehe. Alan Ruck, aliyekuwa na umri wa miaka 29 akiigiza mwanafunzi, ana uso wa mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba amechoka.

Haya yote yameandaliwa mapema, ndani ya jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Cameron anaposimama mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat uliokamilika mwaka 1886, miaka 100 kamili kabla ya filamu kutoka. Kamera inasogea kwenye uso wa mtoto mdogo aliyechorwa katikati, kisha kwenye uso wa Cameron, kisha tena kwa mtoto, mpaka uso unapotea na kubaki nukta za rangi. Kwenye kanda ya mjomba hapakuwa na nukta, kulikuwa na ukungu, nami nilidhani deki imechafuka. Hughes ndiye aliyenifungua macho katika ile diski ya jirani: alieleza kwamba kadiri Cameron anavyomtazama yule mtoto ndivyo anavyozidi kuona kidogo, na kwamba hofu yake ni kuwa mtu akimtazama yeye kwa makini hataona chochote. Alisema pia kwamba jumba hilo lilikuwa kimbilio lake mwenyewe alipokuwa kijana. Maneno hayo ya mtu aliyeiandika na kuiongoza filamu yametolewa, tukawekewa soga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila Ferris, Cameron angelala hadi leo, na kwamba Ferris anajitolea kulibeba kosa la gari, ingawa ni rahisi kujitolea ukijua utakataliwa. Nakubali pia kwamba Rooney, mwalimu wa nidhamu, alikuwa na haki hadi pale alipoanza kunyatia nyumba za watu. Kuhusu dada yake Ferris, anayekasirika kuona kaka yake haadhibiwi kamwe, nasema tu kwamba ana haki katika kila jambo.

Usiku ule niliisimamisha picha pale Cameron anapokataa kusaidiwa na kuamua kumngoja baba ambaye sisi watazamaji hatumwoni hata mara moja, sekunde chache kabla filamu haijatukimbiza tena kwa Ferris, anayekata nyua za majirani ili awahi kitandani wazazi hawajarudi. Nilitaka kumsikia Hughes akieleza kwa nini alituondoa hapo haraka namna ile. Nimeagiza diski ya mwaka 1999, ya mtumba, kutoka Marekani, na kama deki yangu itaikataa kwa kuwa diski za DVD hufungwa zichezwe katika deki za eneo zinakouzwa tu, nitamrudia jirani.