Faini, gharama za kesi na vifungo vinavyofuatana: mahakama ya rufaa iingilie kati kwa kiasi gani?

Rufaa nyingi za jinai huelekeza nguvu zake kwenye hatia, ilhali faini, gharama za kesi na amri ya vifungo kufuatana, yaani kimoja kuanza baada ya kingine kwisha, hutajwa mwishoni mwa hati na kujibiwa kwa aya moja. Linalobishaniwa ni iwapo hakimu wa kwanza aachiwe katika mambo hayo uhuru uleule anaoachiwa anapopima urefu wa kifungo kimoja.

Wanaoutetea uhuru huo wana hoja nzito. Hakimu ndiye aliyemwona mshtakiwa na kuwasikia waathirika, na katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine. Ni lazima ione kwamba kanuni potofu ilitumika, jambo la msingi liliachwa, au adhabu imepita kiasi. Mpaka huo ukiondolewa, kila adhabu itapangwa upya na rufaa hazitakwisha.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inachukulia kuwa upo uamuzi uliofikiriwa, wa kuheshimiwa. Kuhusu faini, kiasi kinaweza kutajwa bila mtu yeyote kuuliza kipato cha anayetozwa. Magna Carta, hati ya haki ya Uingereza ya 1215, ilikwisha kutaka faini ilingane na uzito wa kosa na isimnyang'anye mtu njia yake ya kuishi, na tangu 1921 Ufini imekuwa ikikokotoa faini kwa kuzingatia kipato cha kila siku cha mkosaji. Upande wa pili hujibu kwamba uwezo wa kulipa hubadilika, kwa hiyo uchunguzwe wakati wa kudai malipo. Ndivyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyoelekeza mwaka 1983, iliposema kwamba muda wa uangalizi, ambao mkosaji huachwa nje ya gereza kwa masharti, usifutwe na mtu kupelekwa gerezani kwa kutolipa kabla ya kuuliza kwa nini hakulipa. Naikubali kanuni hiyo, lakini haitoshi pale ambapo hukumu yenyewe inasema "faini au kifungo", kwa kuwa asiye na fedha huanza kutumikia siku hiyohiyo.

Gharama za kesi ni suala jepesi zaidi. Lengo lake ni kurudisha matumizi ya serikali, si kuadhibu, na mshtakiwa aliyeelezwa haki ya kuomba msamaha wa gharama akanyamaza hana mengi ya kulalamikia katika rufaa.

Vifungo vinavyofuatana ndivyo vinavyohitaji uangalizi mkubwa kuliko yote. Ni kweli kwamba aliyewadhuru watu watatu kwa nyakati tofauti hapaswi kuadhibiwa kana kwamba alimdhuru mmoja. Lakini tendo moja laweza kugawanywa na mwendesha mashtaka kuwa mashtaka matatu, kila moja likapata miaka 5, na mahakama ya rufaa inayokagua adhabu mojamoja isione kosa lolote, ingawa jumla ni miaka 15. Nchini Kenya, vifungo hufuatana iwapo mahakama haikuamuru viende pamoja, kwa hiyo hata ukimya wa hakimu unaweza kuongeza miaka. Ujerumani hutoa adhabu moja ya jumla, iliyo kubwa kuliko ile kubwa zaidi kati ya adhabu za makosa yote lakini ndogo kuliko adhabu hizo zikijumlishwa, na kifungo cha muda maalumu hakizidi miaka 15.

Kwa maoni yangu, uhuru wa hakimu uheshimiwe pale alipoeleza sababu za kufuatanisha vifungo na kuipima jumla yake. Asipoeleza, kulirudisha jalada kwake kuna hatari ya kupata sababu zilizotungwa ili kuhalalisha kilichokwisha kuamuliwa; ni afadhali mahakama ya rufaa ipange adhabu yenyewe, na kifungo kikiwa kifupi izingatie mapema ombi la dhamana, kwa kuwa mrufani anayeshinda baada ya kumaliza kifungo cha pili hawezi kurudishiwa miezi hiyo.