Jirani anatosha kwa msiba, hatoshi kwa msimu mbovu

Uswahilini Mtwara mjini, mtu akifariki usiku, asubuhi turubai limeshafungwa, masufuria yameshaazimwa na daftari la mchango linapita nyumba kwa nyumba. Ofisi ya umma yenye kasi hiyo siijui. Wanaosema watu wa kipato cha chini mjini wanaishi kwa kubebana hawatii chumvi.

Ila msiba una tabia yake: leo kwako, kesho kwangu. Mfuko wa kufa na kuzikana unajaa kwa sababu wale ambao hawajafikwa wanacho cha kutoa. Korosho haiendi hivyo. Huku fedha ya mjini, ya mama ntilie na ya bodaboda pia, inasubiri minada ianze Oktoba. Msimu wa 2018/19 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, kisha malipo yakakwama kwenye uhakiki. Bei nzuri, mfukoni hamna kitu. Jirani utamkopa nini, naye anangoja malipo yale yale? Hapo ndipo kangomba, mlanguzi wa korosho, anapopata nafasi, anunue korosho ingali mtini kwa bei ya kutupa.

Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana, navyo vina sura mbili. Vimesomesha watoto, vimeezeka bati, na wengi hawangekopeshwa na benki yoyote. Lakini anayeshindwa rejesho hubebewa vyombo na wadhamini wake, ambao ni shoga zake wa jana. Akikimbilia mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, ili kuficha aibu, basi tena. Na mpangaji mgeni, asiye na ndugu mtaani, nani atamdhamini?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya namna hii visajiliwe. Wapo wanaonung'unika kuwa makaratasi yanaua kuaminiana. Kwa vinavyokopesha, mimi naona usajili ni haki ya mwanachama: mweka hazina akitoroka, pawe na pa kushtaki. Vya kuzikana tu viachwe vipumue.

Ninachokikataa ni halmashauri kujificha nyuma ya moyo huu wa kubebana. Mkopo wake usio na riba kwa wanawake na vijana, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa kila kundi, mlango wake ni kikundi, kwa hiyo asiyekubalika kikundini anakosa mara mbili. Mitaro ya mvua na zahanati havikuwahi kuwa kazi ya daftari la mchango. Kiongozi anayewasifu wananchi kwa kuvichangia aulizwe kwanza ushuru wa korosho umekwenda wapi.