Ukumbi wa watu mia tano: nani anashirikishwa na nani anaachwa?

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mjadala uleule hurudi katika vyuo vikuu vyetu vya Tanzania: mhadhiri aendelee kusimama mbele na kuhutubia saa mbili, au wanafunzi washirikishwe? Miongozo ya mitaala na semina za kuwanoa wahadhiri zinajibu kwamba washirikishwe. Mhadhiri naye akifungua orodha ya kozi ya mwaka wa kwanza inayochukuliwa na programu nyingi kwa pamoja, akakuta majina mia tano, anarudi kwenye slaidi zake. Simlaumu haraka. Ninaunga mkono ushirikishaji, lakini naona watetezi wake hawajaangalia vya kutosha jinsi unavyoweza kuwafungia nje walewale uliokusudiwa kuwaingiza ndani.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mhadhara mtupu walifeli wanafunzi karibu 34 kati ya 100. Kwenye madarasa yaliyowapa wanafunzi maswali ya kufikiri na kujadiliana humohumo ndani walifeli karibu 22. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine, wa Theobald na wenzake, ulionyesha kuwa mbinu hizo hupunguza kwa takriban theluthi pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao, hasa pale ambapo sehemu kubwa ya kipindi ilitumika hivyo. Watu 12 katika kila 100 si tofauti ndogo. Kwetu hao ni vijana wanaodisko, yaani wanaofutiwa masomo kwa kufeli, wanabeba mabegi na kurudi nyumbani, na deni la Bodi ya Mikopo linawafuata hukohuko.

Wanaoutetea mhadhara nao wana hoja nzito. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark waliandika kwamba mtu asiye na msingi wa somo, akiachwa agundue mambo mwenyewe bila kuelekezwa vya kutosha, hupotea. Hilo nalisadiki kabisa. Mhadhiri aliyelisoma somo lake miaka ishirini anaweza kulipanga kwa saa moja, akaonyesha lipi shina na lipi tawi, kwa namna ambayo kikundi cha mwaka wa kwanza hakiwezi kuipata kwenye intaneti. Gharama yake ni mtu mmoja na kipaza sauti kimoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Pale mazungumzo ya ana kwa ana yaliwezekana bila mtu kuhitaji kuandika mwongozo.

Kinachonisumbua zaidi ni kile ambacho ushirikishaji umegeuka kuwa huku kwetu. Mara nyingi maana yake ni hii: wiki ya pili mhadhiri anagawa mada kwa makundi ya watu kumi kumi, na kuanzia hapo hadi mwisho wa muhula wanafunzi wanapanda mbele kufanya prezentesheni. Katika kundi la kumi, wawili wanaandika, mmoja anachapa, waliobaki wanatuma namba za usajili kwenye kundi la WhatsApp ili majina yao yaingie ukurasa wa mbele. Siku ya kuwasilisha, mmoja anasoma slaidi neno kwa neno. Mhadhiri anauliza kama kuna swali, hakuna, linaitwa kundi linalofuata. Anayesikiliza anafundishwa na mtu aliyeijua mada jana usiku. Huu ni mhadhara pia, tena mbovu kuliko ule wa mwanzo.

Halafu angalia nani anapanda mbele. Wengi wetu tumesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia shule za kata ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya vitabu, na walimu wenyewe walilazimika kutufafanulia kwa Kiswahili ili tuelewe. Tunafika chuoni na kukaa kwenye semina moja na waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Mhadhiri akisema alama tano ni za kuchangia, anadhani anapima uelewa. Anayezizoa ni yule ambaye ulimi wake ni mwepesi. Binti aliyetoka shule ya kata na kufaulu vizuri anakaa kimya muhula mzima, si kwa kutojua, ila kwa sababu sentensi anayoitunga kichwani haijakamilika na tayari mwingine ameshanyoosha mkono. Tena anajua akikosea neno moja nyuma watacheka. Kwenye mhadhara wa kawaida, walau, ukimya wake haukumnyima alama. Matokeo ya Marekani hayajibu swali hili.

Kuna wenzetu wengine ambao hawatajwi kabisa kwenye mjadala. Mhadhiri wa uchumi anaelekeza kalamu ya mwanga kwenye mchoro na kusema, “Hii hapa ikipanda, ile pale inashuka.” Mwanafunzi asiyeona amehudhuria, amesikia kila neno na hajapata kitu. Laiti angesema, “Bei ikipanda, kiasi kinachonunuliwa kinashuka,” wote wangenufaika, hata waliokaa nyuma kabisa ambako projekta haisomeki. Mwanafunzi kiziwi naye anaumia pale mjadala unapochangamka: watu watatu wanaongea kwa mpigo, mkalimani wa lugha ya alama, kama chuo kinaye, hajui amfuate nani. Kwake mhadhara wenye mpangilio, mtu mmoja akiongea na slaidi zimetumwa siku moja kabla, unaweza kuwa na nafuu kuliko semina yenye kelele. Kwa hiyo anayesema ushirikishaji ndio ujumuishaji anachanganya mambo mawili.

Mimi naona ukumbi wa mia tano unaweza kubaki ukumbi wa mia tano. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini wakaanguka kwenye maswali rahisi ya dhana. Tangu mwaka 1991 akawa anakatiza mhadhara kwa swali la kuchagua jibu. Kila mmoja anajibu kimyakimya. Kama sehemu tu ya darasa imepata, kila mtu anamgeukia jirani na kumshawishi, kisha wanajibu tena, ndipo mwalimu anaeleza. Hakuna mashine inayohitajika: kidole kimoja hadi vinne, kulingana na jibu alilochagua, vikishikwa mbele ya kifua vinatosha, jirani asione, mhadhiri aone. Na hapo katikati, zile dakika mbili za kumgeukia jirani, ziwe kwa Kiswahili bila mtu kuomba radhi. Yule binti wa shule ya kata atabishana. Atakuwa na hoja yake kamili kabla ya kutafuta Kiingereza chake.

Najua pingamizi. Kuna wanafunzi wanaotoka nchi ambazo Kiswahili hakizungumzwi, nao wana haki ya kutopotezwa. Wawekwe na jirani anayeweza kujadili nao kwa Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza na usaili wa kazi mara nyingi pia. Ni kweli, ndiyo maana jibu la mwisho litolewe kwa Kiingereza. Lakini Kiswahili hakijawahi kushindwa kubeba fikra za chuo kikuu: katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, watu wanasoma na kuandika tasnifu kwa Kiswahili hadi uzamivu.

Ugumu uliobaki ni wa chuo kuliko wa mhadhiri. Mwalimu wa shule ya msingi lazima awe amesomea ualimu. Mhadhiri huajiriwa kwa GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, na kupanda cheo kwake kunategemea zaidi machapisho. Anayetumia wikiendi kutunga maswali mazuri ya dhana hapati chochote kwa kazi hiyo. Wanafunzi wenyewe wanaweza wasimshukuru: mwaka 2019 utafiti wa Deslauriers na wenzake, Harvard hukohuko, ulikuta kuwa waliojifunza kwa kushiriki walijua zaidi kuliko wenzao wa mhadhara, ila wao walihisi wamejifunza kidogo. Fomu ya tathmini ya mhadhiri inaweza kumwadhibu kwa kufundisha vizuri.

Na mtihani. Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kozi weki, yaani kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na 60 kwa mtihani wa mwisho wa muhula. Mtihani huo ukiendelea kuuliza “taja na ueleze sifa tano”, mwanafunzi anayeacha mjadala na kwenda stesheneri kutoa kopi ya kitini cha mwaka jana amefanya uamuzi wa busara, na hakuna mbinu ya darasani itakayomzuia. Idara zinaweza kuanza hapo muhula ujao bila kusubiri fedha za mradi wowote: nusu ya maswali yampe mwanafunzi hali asiyowahi kuiona, na kumtaka aiamue na kuitetea.