Hapa Kwetu Ukipendwa Umeharibu Kazi

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kulea wanyama majeruhi na mayatima kwenye bustani ya wanyama, macho yanawang'aa. "Jamani, raha iliyoje! Kutwa kucha unakumbatia watoto wa paa!" Nyamazeni kabisa. Nikionekana nimekumbatia, naitwa ofisini.

Utaratibu wa hapa ni huu. Mnyama analetwa hoi. Unamlisha, unamfuta, unakesha naye, unambadilishia bandeji huku anakutafuna glovu. Siku ukiingia bandani akakutumbulia macho, akakoroma, akakilenga kidole chako kwa nia ya dhati, daktari anaandika kwenye daftari: "Maendeleo mazuri sana." Akija mbio kukulalia miguuni, kinaitishwa kikao. Nani anamsemesha huyu? Nani anampapasa? Kila mtu anatazama buti zake. Wahenga waliosema shukrani ya punda ni mateke walikuwa wanalalamika. Sisi teke ndilo tunalolisubiri, na likija tunalipigia makofi.

Sababu ipo, sikatai. Mnyama aliyezoea watu akirudishwa porini atamfuata mtu yeyote, na si kila mtu ana chupa ya maziwa mkononi. Mwingine ana panga. Ndege ndio balaa zaidi. Kinda wa bata bukini akitoka kwenye yai, kiumbe cha kwanza kupita mbele yake ndiye mama, basi, hakuna rufaa. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alikuwa akitembea na msururu wa vifaranga nyuma yake, akiingia majini nao wanaingia, na mwaka 1973 akawa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Mimi korongo mmoja mdogo alinifuata hadi stoo, nikapewa onyo la maandishi.

Kwa hiyo tunajificha. Tumbusi mchanga analishwa kwa glovu iliyoshonwa mfano wa kichwa cha tumbusi mkubwa: upara, shingo ndefu, mdomo uliopinda. Wewe umekaa nyuma ya pazia, mkono umepenya tunduni, na huo mkono ndio mama. Usiongee, usikohoe, usipige chafya. Na mkono ukikufa ganzi, mama hapumziki. Mbinu hii si mchezo wa kitoto. Mwaka 1987 kondori wa California, ndege wakubwa mfano wa tumbusi kule Marekani, walibaki 27 tu duniani, na wote walikuwa kizimbani. Walezi wa bustani za San Diego na Los Angeles wakakuza makinda kwa vikaragosi vya mkono, na kuanzia 1992 ndege wakaanza kurudishwa angani. Leo wapo mamia. Heshima kwao. Glovu yetu nilishona mwenyewe, na mwenzangu wa zamu anaapa kwamba imetoka na sura yangu, ndiyo maana kinda anakula huku amegeukia pembeni.

Hao ni wakubwa. Makinda wadogo wa ndege wanaokula wadudu ndio wanaokumaliza. Kila nusu saa, wengine chini ya hapo, tangu alfajiri hadi jua linazama, kibano kwenye mkono huu, mabuu kwenye mkono ule. Kinywa wazi, unatia. Kinywa wazi, unatia. Ukifika wa mwisho kwenye mstari, wa kwanza kishafungua, tena anakutazama kwa dharau kana kwamba hajaonja kitu tangu azaliwe. Kwenda haja unapanga kwa saa.

Na tukiwa kwenye mambo ya haja. Mtoto mchanga wa paa hajisaidii mpaka mama amlambe. Mama hayupo. Nani yupo? Mimi, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Unampangusa polepole, polepole, unangoja, na ikitoka unafurahi moyoni kimyakimya, unaandika kwenye daftari saa, kiasi na rangi. Mke wangu akiniuliza jioni, "Leo kazini vipi?" mimi nina majibu ya kina ambayo hakuna mtu mezani anayeyataka.

Sasa huyo paa alifikaje kwetu? Hapo ndipo damu inachemka. Aliletwa na kaka mmoja muungwana, amemfunga mkanda kiti cha nyuma, kampa na jina. "Nimemkuta peke yake majanini, katelekezwa!" Kaka yangu, hakutelekezwa. Paa humficha mtoto majanini akaenda kula mbali, ili harufu yake mwenyewe isimvutie chui pale alipo mtoto, kisha hurudi kumnyonyesha. Mama alikuwa anakula. Umemteka mtoto wa watu. Nikimwambia amrudishe palepale, anashika kichwa: "Mama hatamkubali, nimemshika!" Wazo hilo sijui limetoka wapi, lakini limeenea kila pembe. Mama haachi mtoto wake kwa sababu tu umemgusa. Hata kinda aliyedondoka ukimrudisha kiotani, wazazi wataendelea kumlisha.

Na ole wangu wakishamlisha wenyewe kabla ya kumleta. Duniani kote, mtu akiokota kiumbe asichokijua, mkono wake unakwenda kwenye maziwa ya ng'ombe na mkate. Kalunguyeye: maziwa na mkate. Popo: maziwa na mkate. Kuna kobe aliyeletwa kwetu kidevu chake cheupe kwa maziwa, amekunja uso. Tumbo la kalunguyeye haliwezi maziwa ya ng'ombe, linakataa kwa njia moja tu, na anayefua mataulo baadaye mnamjua. Ndama wa tembo hayo maziwa yalikuwa yanawaua kabisa, mpaka Daphne Sheldrick kule Kenya alipohangaika miaka na miaka, akafikia kwenye mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Walezi wa ndama hao wanalala nao banda moja, na wanabadilishana zamu ili ndama asimng'ang'anie mtu mmoja tu, kwa sababu mtu huyo akienda likizo ndama anaweza kudhoofika kwa huzuni. Ndugu zangu, hata likizo yako inapangwa na tembo.

Bundi nao wana mambo yao. Bundi anakula panya mzima, manyoya na mifupa, kisha baadaye anatapika kidonge kikavu cha masazo, nami natakiwa kukipasua na kukikagua, kwa sababu asipokitoa huenda anaumwa. Panya wenyewe wanakuja wamegandishwa. Asubuhi nawayeyusha, nawapima kwenye mizani, nawapanga kwenye sahani mmoja mmoja, na dawa nazichomeka humo ndani. Juzi mke wangu kaona panya jikoni, kapiga yowe, kapanda juu ya kiti, ananiita nije nimuue. Nikasimama namtazama yule panya, naona tu gramu zake.

Lakini wote hao ni malaika ukiwaweka karibu na nyegere.

Kule Afrika Kusini, kwenye kituo cha Moholoholo, alikuwepo nyegere aliyeitwa Stoffel. Walimjengea ukuta. Akapanda mti akaruka ukuta. Wakaondoa mti. Akachimbua mawe ardhini, akayapanga kwenye kona, akatoka. Wakaondoa mawe yote. Akafinyanga madonge ya tope, akayapandanisha, akatoka. Reki ikisahauliwa ndani, anaiburuta, anaiegemeza ukutani, anatoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Wenzangu, huyu ukimpa jembe amekwenda!

Wa kwetu hajafikia shahada hiyo, lakini anasoma kwa bidii. Makomeo anayajua. Tulipoweka komeo la kusukuma, akakaa chini kututazama tukilifunga, ametulia, mikono tumboni, na nikaona midomo yake kama inahesabu. Usiku huohuo tulimkuta stoo ya chakula, mapipa yako chali, mayai yameliwa yote, na yeye ametulia katikati ya maganda. Hakukimbia. Alininguruma, yaani mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Ngozi yake imelegea na ni nene; ukimshika shingoni anageuka humohumo ndani ya ngozi akakung'ata. Daktari akaniambia, "Safi, hana mapenzi kabisa na binadamu. Karibu ataondoka." Nikauliza, ni lini? Nikauliza kwa sauti iliyotetemeka kidogo.

Kuna pia upande wa wageni, wanaotazama wale wasioweza kurudi porini: bawa lililovunjika vibaya, macho yasiyoona, waliofugwa majumbani tangu utotoni. Mgeni anagonga kioo. "Mbona simba amelala?" Kwa sababu ni simba. Anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku, na laiti ningeajiriwa kwa masharti yake. "Mbona bundi hatikisiki?" Ni saa sita mchana, mama yangu, kwake huo ni usiku wa manane, hebu wewe ugongewe dirisha saa hizo. Halafu bundi anageuza kichwa chote nyuma, kwa kuwa macho yake hayazunguki tunduni, anamtazama mgeni, mgeni anapiga kelele kwamba kitu hiki si cha kawaida, na lawama zinanirudia mimi.

Kasuku wa kijivu ndiye adui yangu binafsi. Yeye porini harudi tena, amekulia kwenye nyumba ya watu. Dawa ukimfichia ndani ya tunda, analila tunda lote kwa utulivu wa mzee, kidonge anakiweka ukingoni mwa bakuli, kikavu, kisafi, hata hakijalowa. Hilo ningelimezea. Lililonishinda ni sauti. Amejifunza sauti ya bosi. Si kwa kubahatisha, ni bosi mwenyewe, kikohozi kwanza, halafu jina langu kwa ukali. Nikiwa nimeinama juu ya beseni la uji wa makinda nasikia kikohozi, nasikia jina, naacha kila kitu, nakimbia. Ofisi imefungwa. Nyuma yangu kasuku anacheka, na kicheko nacho ni cha bosi. Na kasuku kama huyu akitunzwa vizuri anafika miaka 50. Mimi nitastaafu, naye atabaki anamwita mrithi wangu.

Kobe simtaji. Ukimwinua ghafla anakumwagia maji yote aliyoyaweka akiba kibofuni, na lawama ni yako kwa sababu ulimshtua.

Basi ile siku kubwa inafika, ya kumwachia mnyama huru. Wakuu wamekuja, kamera zimewekwa, sanduku limeshushwa kwenye gari. Ndani yumo tumbusi wetu, yule wa glovu, sasa ni jitu la mabawa. Tenda wema nenda zako, lakini hapa sisi tunatenda wema, anayekwenda zake ni yeye. Nikafungua mlango nikarudi nyuma. Kimya. Tumbusi akatoa kichwa, akatazama anga, akatazama kamera, akarudi ndani.

Tukangoja. Mpiga picha akabadilisha betri. Mkuu mmoja akatazama saa yake, akauliza kwa upole kama ndege huyu anajua kwamba leo ndiyo siku. Bosi akanitupia jicho, nikajua kazi imenirudia. Nikaenda nyuma ya sanduku nikaligonga. Akatoka taratibu, akanikaribia, akanitazama uso mzima kwa mara ya kwanza bila pazia, akatapika juu ya buti zangu. Tumbusi akitishika ndivyo anavyojihami, anatapika ili awe mwepesi na wewe ujute, na nyama iliyokwisha kaa kwenye tindikali ya tumbo lile, harufu yake haielezeki mbele ya watu wazima. Kisha akapiga hatua tatu nne za kurukaruka, akafungua mabawa, akaenda.

Watu wakapiga makofi. Daktari akanishika bega, kwa mbali kidogo: "Umeona alivyokuchukia? Kazi nzuri." Nimejivuna kwa mara chache maishani, na hiyo ni mojawapo, ingawa wakati wa kurudi nilikalishwa nyuma ya gari peke yangu, madirisha yote wazi.

Tulikuwa bado njiani simu ya kituo ikaita. Baba mmoja, anahema. Amepata mtoto wa chui nyuma ya nyumba yake, amemfunika na kapu, familia yote imejifungia ndani, tufanye haraka. Nikamuuliza ana ukubwa gani. Mdogo. Madoa anayo? Anayo kiasi. Amempa chochote? Amempa maziwa na mkate, ametia vyote tumboni. Nikauliza, analiaje?

Akasita kidogo.

"Analia nyau."

Nikamwambia aanze kwa kuuliza majirani.