Ng'ombe wa Februari, huku Vermont na kule Kilimanjaro

Kila nikituma picha za theluji kutoka huku Vermont, jimbo la Marekani nilikoolewa, kwenye kundi la ukoo, swali ni lile lile: sasa ng'ombe wanakula nini? Wengi wanauliza kwa mzaha, lakini mimi nalichukulia kwa uzito, kwa sababu jibu lake ndilo limenifanya niyaone upya maisha ya nyumbani kwetu mlimani.

Wanakula majani yaliyokatwa kuanzia Juni. Yamekaushwa juani, yakafungwa marobota, yakapandishwa darini kwenye banda. Kuanzia Novemba hadi karibu Mei hakuna jani la kula nje, kwa hiyo kila kitakacholiwa lazima kiwe kimeshawekwa. Wazee wa huku wana usemi kwamba ikifika tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mkulima awe bado na nusu ya kuni zake na nusu ya majani yake. Baba mkwe wangu hauchukulii kama maneno ya kupamba mazungumzo. Siku hiyo anapanda darini na taa, anahesabu safu kwa safu, na akishuka uso wake ndio unaotuambia kama tutamaliza baridi kwa amani au tutaanza kutafuta majani ya kununua.

Wiki yetu inaongozwa na ng'ombe na jiko la kuni. Kukamua ni saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, iwe sikukuu, iwe msiba. Lori la maziwa linakuja kila baada ya siku moja, na usiku theluji ikianguka lazima njia iwe imesafishwa kabla halijafika, maana tangi likijaa maziwa hayana pa kwenda. Jumatatu nafua, naanika juu ya jiko. Jumatano naoka mikate ya wiki. Watoto wanawanywesha ndama kabla ya basi la shule. Jumamosi mume wangu anapasua kuni, mimi nashuka ghalani chini ya nyumba kuchambua viazi. Kazi hiyo ya viazi naipenda. Mwisho wa baridi vinaanza kuchipua gizani, karoti zilizofukiwa mchangani zimelegea, tufaha zimekunjamana ngozi lakini utamu umezidi. Kiazi kimoja kilichooza usipokitoa wiki hii, wiki ijayo utatoa kumi.

Machi kuna kazi nyingine. Ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, mepo, unatobolewa na kukingiwa utomvu. Unatiririka pale tu usiku unapoganda na mchana unapopata joto kidogo, kwa hiyo majira yenyewe ni mafupi. Lita 40 hivi za utomvu zinachemshwa kupata lita moja ya shira. Ukoo mzima unakusanyika kwenye kibanda cha kuchemshia, mvuke umejaa hadi hamwonani, watu wanapokezana kuchochea kuni hadi usiku. Hapo tu ndipo napata ile hali ya nyumbani siku mbege, pombe yetu ya ndizi, inapopikwa, kila mtu ana neno na hakuna anayetazama saa.

Jumanne ya kwanza ya Machi ni siku ya mkutano wa mji katika jimbo hili. Majirani wanakaa ukumbini, wanajadili bajeti ya barabara na bei ya gari la kusukuma theluji, wanapiga kura, wanakula pamoja. Sisi mkutano mkuu wa kijiji sheria inataka ukae kila baada ya miezi mitatu. Tungeutumia hivyo, barabara zetu zingekuwa mbali.

Sasa nirudi kwenye majani. Mlimani Februari ndiyo mwezi wa jua kali. Vuli imekwisha, masika haijafika, majani kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, yamekwisha, na ng'ombe aliyefungwa bandani anakatiwa mashina ya migomba, ambayo ni maji zaidi kuliko chakula. Maziwa yanapungua. Tunajua hivyo, baba zetu walijua hivyo, na bado kila mwaka tunashtuka. Mabua ya mahindi ya shamba la tambarare yanapandishwa baada ya mavuno, yanarundikwa nyuma ya nyumba bila paa, vuli inayanyeshea, na Januari ukifunua rundo unakuta chini kumeoza na kunanuka uvundo.

Anayelipa ni nani? Ni mama. Ni shangazi. Ni yule mwanamke unayemwona barabarani saa saba mchana akipandisha kilima na mzigo wa majani kichwani, umemfunika hadi mabegani, kutoka tambarare. Ndugu zangu, hili linaniuma. Tumelisifu kama uchapakazi wa wanawake wetu, wakati ni gharama ya ghala ambalo wanaume wa nyumba hawakulijenga. Paa la mabati kuukuu na sanduku la mbao la kukandamizia majani yawe robota vingempunguzia safari nyingi sana. Haihitaji trekta. Wenzetu huku walikuwa wanaweka majani enzi za farasi na mundu, kwa sababu baridi haikuwapa nafasi ya kuchelewa.

Wala sisemi huku ni peponi. Nilijifungua mtoto wetu wa pili mwisho wa baridi, na hapo ndipo nilipolia kwa ajili ya nyumbani. Kwetu mzazi anawekwa ndani, analetewa mtori wa ndizi na maziwa, anaogeshewa mtoto, na hakuna anayemuuliza lini atarudi shambani. Huku mama mkwe alinisaidia kwa moyo wote, lakini yeye naye ana ng'ombe wa kukamua, na jirani wa karibu yuko mbali, hapiti bila kupiga simu kwanza. Nilikaa na mtoto dirishani nikiitazama theluji siku baada ya siku bila kusikia hodi. Kwa jambo hili wao ndio wa kujifunza kwetu, na nimewaambia.

Lakini mapumziko yale ya mzazi nayo yanategemea wanawake wengine wabebe majani yake. Ndiyo maana narudi kwenye ghala.

Sisi tulioko nje, na ninyi wa Dar es Salaam na Arusha, tunapanda mlima Desemba. Mvua za vuli zimeshapita, kila kitu ni kijani, ng'ombe wamenona, mbuzi anachinjwa, tunapiga picha, tunashuka Januari. Halafu tunakaa mbali tukiamini nyumbani mambo ni mazuri. Mwaka huu nimewaomba kaka zangu fedha tulizochanga kwa ajili ya geti jipya zijenge kwanza banda la majani. Mmoja amekubali, mwingine anasema geti ndilo litakaloonekana na wageni. Kwake na kwa wengine ninaomba jambo moja: likizo ijayo nendeni Februari. Amkeni na mama, shukeni naye hadi tambarare, na mpandishe mzigo mmoja hadi bandani. Habari ya geti tutaijadili mkisharudi.