Karani au mtafiti? Utarajali wa data za magonjwa adimu Mwanza

Mhitimu wa takwimu au afya ya jamii anayetafuta utarajali Mwanza hupewa ushauri wa aina mbili unaogongana. Wapo wanaomsukuma aingie kwenye utafiti wa tiba, kwani mji huu una NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), una MITU (kitengo cha majaribio ya tiba), una hospitali ya rufaa ya Bugando na chuo cha afya cha CUHAS pembeni yake, na aliyeonekana kwenye mradi mmoja ni rahisi kukumbukwa kwenye mwingine. Wengine humwambia aachane nao: atahamisha majibu kutoka fomu za karatasi kwenda kwenye kompyuta kutwa nzima, posho iishie kwenye daladala za Buhongwa, na matokeo yakichapishwa jina lake halimo hata kwenye shukrani.

Kwa miradi mikubwa, nawaelewa hao wa pili. Kwenye magonjwa adimu hesabu inabadilika.

Uadimu wenyewe hupimwa kwa vipimo vya mbali. Ulaya ugonjwa ni adimu ukiwapata watu wasiozidi 5 katika kila 10,000. Marekani, ukiwa na wagonjwa chini ya 200,000 nchi nzima. Selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) ina wagonjwa wapatao 100,000 Marekani, kwa hiyo kule ni adimu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa imebeba fungu kubwa. Ndiyo maana mtarajali anaweza kupokelewa kwenye utafiti wa ugonjwa adimu akakuta mabenchi ya kliniki yamejaa hadi koridoni. Anayelalamika kwamba data zinavunwa huku ili dawa iuzwe kule ana hoja, ila hoja hiyo ni ya wanaosaini mikataba. Kijana wa kuingiza data hana la kuirekebisha.

Ukija kwenye ugonjwa ambao hata huku ni wa nadra, tuseme himofilia (damu kushindwa kuganda vizuri), washiriki wanaweza kuwa 30 tu. Kipimo cha mmoja kikikosekana, zaidi ya asilimia 3 ya utafiti imepotea. Kwenye utafiti wa watu 3,000 pengo hilo lisingeonekana. Hapo kuuliza swali la uhakiki, yaani kumrudishia muuguzi fomu na kumwomba aangalie tena faili, ni kazi ya utafiti kamili.

Kuna makosa ambayo mashine haiyaoni. REDCap, programu ya kuingizia data za utafiti, ukiiwekea mipaka itakuonya ukiandika himoglobini ya 78 mahali pa 7.8. Lakini mama kutoka Sengerema akisema maumivu ya mtoto yalianza saa tatu usiku, na mjaza fomu akaandika 03:00 badala ya 21:00, programu itapokea bila kelele, maana zote mbili ni saa halali. Kama dawa ilitolewa 20:00, dalili iliyotokea saa moja baada ya dawa sasa inasomeka kuwa ilitokea baada ya saa saba. Mtaalamu aliyeko London ataipita hiyo. Aliyekulia Igoma ataishtukia, mradi awe ameruhusiwa kuuliza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni siri. Tumezoea kuamini kwamba ukifuta jina umemaliza. Andika umri, jinsia, kata mojawapo ya Ukerewe na ugonjwa usio wa kawaida, na kijiji kizima kinajua ni mtoto wa nani. Kwa watu wenye ualbino jambo hili limepita aibu: Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji yao, na orodha inayoonyesha nani anaishi wapi ni silaha ikidondokea mkono mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Sheria haikai kwenye flashi, hata hivyo. Kinachokaa humo ni faili ambalo mtarajali alilinakili ili amalizie kazi nyumbani kwa sababu umeme ulikatika ofisini.

Kwa hiyo wanaosema hii si kazi ya kumpa mtu wa posho wana haki kwa kiasi fulani. Ila kumnyima haitibu kitu. Kinachotakiwa ni apewe akaunti yake mwenyewe, ili mfumo uonyeshe nani alibadilisha nini na lini (ofisi ikichangia nywila moja, kumbukumbu hiyo ni pambo), awe na msimamizi anayesoma maswali yake, na ahudhurie siku ya kliniki aone fomu inavyojazwa mtoto akiwa analia. Mahali penye hayo ningemwambia aende hata kama posho ni ndogo. Pasipo na hayo, wanatafuta karani, basi wamlipe ukarani.

Kuna hasara moja ambayo hata mradi mzuri hauiondoi. Washiriki wa magonjwa adimu huja mmojammoja, na utarajali wa miezi michache unaweza kwisha kabla data hazijafungwa zisibadilishwe tena, wala jedwali la kwanza la matokeo halijatengenezwa. Mwenye haraka ya kujifunza uchambuzi aombe kwenye malaria au VVU, ambako rekodi ni nyingi na kazi haisubiri.