Siwezi Kuzoea Gari Jipya Linalotetemeka

"Utazoea tu, kaka." Hilo ndilo jibu nililorudi nalo nyumbani Ijumaa, baada ya kulipeleka gari kwa walioniuzia kwa mara ya tatu. Gari jipya! Nimekabidhiwa siti zikiwa bado na nailoni. Chini ya kilometa 80 kwa saa limetulia kama maji mtungini. Likifika 85 linaanza kutetemeka, na halikomi mpaka uvuke 105.

Nizoee nini? Miaka sita nimejinyima nikiweka akiba ya gari hili.

Mara ya kwanza walifanya balansi, yaani kusawazisha uzito, ya tairi za mbele. Mara ya pili, balansi ya mbele tena, na alaimenti juu yake, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Alaimenti ya nini? Gari halivuti kulia wala kushoto. Mara ya tatu wakasingizia barabara. Nakubali, njia ya Manyoni kuja Dodoma ina sehemu ambazo malori yamebonyeza lami mpaka imefanya mifereji. Lakini barabara mbovu humtikisa kila apitaye. Shemeji yangu ana gari la miaka 15, anapita hapo hapo kwa mwendo ule ule, na chai ya kwenye chupa haimwagiki.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Wiki mbili zilizopita nilimfuata mama Manyoni nimlete kliniki, mgongo unamsumbua. Alikaa nyuma. Tulipoipita Bahi nikamwona kwenye kioo ameshika kwa mikono miwili egemeo la siti ya mbele. Nikapunguza mwendo. Akasema, "Mwanangu, huku nyuma panatetemeka hadi kiunoni. Huko mbele unasikia?" Nikaangalia mikono yangu. Usukani ulikuwa umetulia kabisa.

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli, na ndiye aliyeona tatizo liko wapi. Tetemeko la tairi za mbele kwa kawaida husikika mikononi, kwenye usukani. La nyuma huja kwenye siti na sakafuni. Niliyaeleza haya Ijumaa, neno kwa neno. Kijana wa mapokezi akaandika kwenye fomu: "Balansi, mbele."

Jumamosi nikaenda kwa fundi wa tairi Majengo. Hana kompyuta. Alipiga jeki nyuma, akasimamisha tofali karibu na tairi, akalaza bisibisi juu yake ncha ikikaribia kugusa mpira, kisha akalizungusha tairi kwa mkono taratibu. La kulia lilizunguka vizuri. La kushoto, kila lilipofika mahali pamoja, nafasi kati ya bisibisi na mpira ilifunguka. "Bosi, hili limelala," akasema. Gari likisimama miezi mingi mahali pamoja juani, uzito wote ukikandamiza sehemu moja ya tairi, mpira hubonyea pale. Likisimama siku chache tu, tairi hurudi lenyewe likipata moto. Likikaa sana, halirudi. Tukasoma tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka tairi lilipotengenezwa: 3823. Wiki ya 38 ya mwaka 2023. Kwangu lilikuwa jipya, kule yadi lilikuwa limeshazeeka.

Ndiyo maana balansi haikusaidia, hata wangeifanya nyuma. Mashine ya kawaida hulizungusha tairi hewani, bila mzigo. Inapima uzito umekaaje, kisha fundi anabandika vipande vidogo vya uzito kwenye rimu. Tairi linaweza kupata sifuri pale, yaani uzito umekaa sawa, na bado likawa si duara likibeba gari. Zipo mashine zinazolikandamiza tairi kwa rola wakati linazunguka, na hizo ndizo zinazofichua kasoro ya namna hii. Fundi wangu alitumia bisibisi.

Tukafunga spea, ambayo bahati nzuri ni ya saizi ile ile, nikaenda Chamwino na kurudi. Nikagusa 100. Kimya.

Upepo wa tairi nao ulikuwa umezidi kile kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari husafirishwa na upepo wa ziada, na hapa hakuna aliyeupunguza.

Lakini hasira yangu haiko kwenye tairi. Tairi ni mpira, huharibika. Mara tatu zote hakuna hata mmoja aliyepanda gari pamoja nami. Wamelizungusha uani, wamelipandisha kwenye lifti, wamelirudisha likiwa limeoshwa. Tetemeko la mwendo wa 90 utalisikiaje uani? Mtu anakwambia gari linatetemeka, panda naye! Dakika ishirini tu barabarani, akuoneshe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwao. Lile tairi nimelirudisha mahali pake, nyuma kushoto. Nitawakabidhi funguo waendeshe wao mpaka Bahi, na yule kijana wa mapokezi akae pale alipokaa mama.